Besi ya Zege

Msumari alikuwa na jina moja kwa muziki wote uliorekodiwa: makopo. Akipita mbele ya kinyozi akasikia redio inaimba, alisema, "Hao nao wanafungua makopo." Akialikwa harusini akakuta hakuna bendi, kuna mtu na kompyuta yake, alikula haraka, akawapa mkono wenye shughuli, akaondoka. Siwezi kucheza na watu ambao hawapo, alisema.

Na hakuwa akitania. Bendi yake ilipiga kila Jumapili mchana kwenye ukumbi wenye paa la bati na sakafu ya mbao iliyobonyea mbele ya jukwaa, na haikuwa imerekodi hata wimbo mmoja. Mlangoni palikuwa na ndoo kubwa. Kila aliyeingia alitumbukiza simu yake humo, akapewa kikaratasi chenye namba. Wageni walinung'unika. Wazoefu waliwaambia, "Ingia kwanza."

Walichofuata humo ndani ni mtego. Katikati ya wimbo, bila kumwonya mtu, Msumari alikata muziki mahali ambapo haukuwa na sababu ya kukatika, au alirukia wimbo mwingine, au aliongeza kasi hadi wachezaji wakavua viatu. Wenzake walitakiwa kumfuata papo hapo, kwa kumtazama bega, kisigino, namna alivyovuta pumzi. Aliyechelewa, yule ambaye sauti ya chombo chake ilibaki inaning'inia peke yake wakati wengine wamenyamaza, aligeuzwa. Kugeuzwa ni kupiga muziki wote uliobaki siku hiyo ukiwa umetazama ukuta, umewapa watu mgongo. Ukumbi ulipenda jambo hilo kuliko nyimbo zenyewe. "Ukutani! Ukutani!" walipiga kelele, na mhusika alikwenda, akicheka kama ana moyo wa kucheka, akiuma meno kama hana.

Mpiga dramu, ambaye kwa sababu ya kitambi chake aliitwa Tumbo, aliujua ukuta ule mpaka nyufa zake. "Nikifa," alisema, "mnizike nimesimama, pua kwenye tofali. Nimeshazoea." Lakini mpiga gitaa la pili aliwahi kulia pale ukutani, mabega yakimtikisika mbele ya watu. Na mpiga tarumbeta aligeuzwa siku ambayo wakwe zake watarajiwa walikuwa wamekaa meza ya mbele. Aliacha bendi siku ileile, na Msumari hakumtuma mtu kumbembeleza.

Mmoja tu ndiye hakuwahi kugeuzwa. Huyo alikuwa mdogo wake Msumari, mpiga besi, waliyemwita Zege.

Zege alisimama hatua chache nyuma ya kaka yake, upande wa kushoto, macho nusu yamefumba, kama mtu anayengoja maji yachemke. Msumari alimtega kwa kila njia aliyoijua. Alikata, Zege akakata. Aliruka, akamkuta Zege ameshatua huko anakokwenda. Mara nyingine Msumari mwenyewe alikuwa hajaamua vizuri, akasikia besi imeshaamua. Hapo ndipo alipokuwa anajisikia yu hai. Mkewe, watoto wake, nyumba aliyoijenga, vyote alivipenda kwa namna yake, lakini hakuna kilichompa alichopewa na dakika ile ambapo anajirusha hewani mbele ya ukumbi mzima na kuna mtu mgongoni anamdaka. Hakuwahi kumwambia Zege hivyo. Alichomwambia, muziki ukiisha, ni, "Leo umepona. Jumapili ijayo nakunasa."

Asubuhi moja katikati ya wiki Zege alifika kwa kaka yake pamoja na mkewe. Mke wa Zege ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi. Walimkuta Msumari kwenye meza ya kulia chakula, anabadilisha nyuzi za gitaa lake la solo.

"Kaka," Zege alisema, "mkono unaharibika."

Aliuweka mkono wa kushoto mezani, kati ya nyuzi kuukuu. Vifundo vilikuwa vimevimba, vinang'aa, na vidole vimeanza kulalia upande mmoja.

"Daktari anasema ni baridi yabisi. Ile mishipa inayoinua vidole inasagwa kidogo kidogo na mifupa. Nikipiga kwa upole nitakwenda nao. Nikiulazimisha, inakatika."

"Huyo daktari anapiga chombo gani?"

"Shemeji, usianze," mke wa Zege akasema.

"Nimeuliza tu, shemeji. Mkono wa mpigaji unakufa kwa kukaa. Kila mtu anajua."

Zege hakubishana. Hakuwa na kipaji hicho. "Nataka turekodi wimbo mmoja," alisema. "Ule tunaofungia. Mmoja tu, kaka. Nikishindwa kupiga, kuwe na mahali ninaposikika."

"Ili ukae kwenye kochi ujisikilize."

"Ndiyo."

"Kama bibi harusi wa zamani na albamu yake ya picha."

"Ndiyo, kaka. Hivyohivyo."

Msumari alicheka peke yake. "Umewahi kuona mtu amepiga picha sahani ya chakula akashiba?"

"Haya," mke wa Zege akasema, akisimama, "na mimi Jumapili napumzisha koo. Utaimba mwenyewe, shemeji, na hiyo sauti yako ya bawaba kavu. Tuone nani atashiba."

Msumari alimtazama akaona hatanii. Akakubali, kwa namna ya mtu anayempa mtoto kisu kibutu ili anyamaze.

Studio ilikuwa chumba kwenye ghorofa, juu ya duka la vitambaa. Kuta zilibandikwa zulia. Kati ya chumba cha kupigia na chumba cha mitambo palikuwa na kioo kinene, na nyuma ya kioo alikaa fundi wa studio, mtu mpole mwenye sweta, aliyezungumza kana kwamba kuna mgonjwa amelala karibu. Tumbo alimaliza dramu zake mapema, akatoka anajifuta shingo.

"Sasa besi," fundi alisema. "Kawaida besi inatangulia, halafu magitaa yanakaa juu yake."

"Kwenye bendi yangu mkubwa ndiye anayetangulia," Msumari alisema.

"Mzee, ni utaratibu tu wa kazi."

"Na mimi nakupa utaratibu wangu."

Fundi alimtazama Zege. Zege aliinua mabega: mwache. Basi Msumari akaingia peke yake, akavishwa hedifoni, na masikioni mwake, pamoja na dramu za Tumbo, ukaanza mlio mdogo wa kuhesabia, tik, tik, tik, mlio usio na bega wala kisigino.

Alipiga. Fundi akamsimamisha kwa upole: alikuwa ametangulia. Akapiga tena, akachelewa. Alijaribu kuufuata ule mlio, ukamkimbia. Aliuacha, ukamsubiri mbele kama mdai. Maisha yake yote muziki ulikuwa ukipita pale alipopita yeye, na wengine ndio waliohangaika kufika. Sasa kulikuwa na kitu kisichomtazama, kisichomwogopa, kisichojua jina lake. Jasho lilimtoka kwapani, na halikuwa jasho la Jumapili.

"Turudie, mzee."

"Najua."

"Bila haraka."

"Nimesema najua!"

Siku ikaenda hivyo. Mwishowe fundi alimwambia asijali, atakata vipande vizuri vizuri na kuviunga. Alisema kwa nia njema. Msumari alivua hedifoni, akatazama kioo, akamwona Zege upande wa pili amekaa kwenye stuli na besi yake mapajani, haijaguswa, anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kumtia moyo. Zege alikuwa akitabasamu vile tangu wadogo, kila kaka yake alipochapwa. Lakini Msumari, kutoka upande wake wa kioo, hakulisoma hivyo.

Muda wa studio ulikuwa umekwisha, maana watu wengine walishafika na vyombo vyao. Besi ikaahirishwa, na gitaa la pili na sauti vikangoja besi. "Njooni Jumatatu," fundi alisema. "Besi peke yake. Haitachukua muda, huyu ndugu namwona mtulivu."

Ngazini Tumbo alishindwa kujizuia. Alikuwa amegeuzwa mara nyingi mno. "Jamani, leo nimeona msumari umepinda bila kugongwa!" Mpiga gitaa la pili akaangua kicheko. Mke wa Zege naye akacheka, akaziba mdomo. Zege peke yake hakucheka. Alisema, "Basi, basi," na kumshika kaka yake bega. Msumari aliutoa ule mkono begani kwake kama mtu anayepangusa vumbi.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Ni haki kusema kwamba Msumari hakupanda jukwaani na nia ya kumuumiza ndugu yake. Alipanda na nia ya kuonyesha. Alitaka Zege, na mkewe, na Tumbo, na ikiwezekana yule fundi wa sweta, waone kitu ambacho hakuna kioo kinachoweza kukishika. Na mwanzoni alikionyesha. Alipiga kama hajawahi kupiga. Bati la paa liliitikia. Mbao za sakafu zilipanda na kushuka chini ya wachezaji, na kila aliposogea, besi ilikuwa pale mgongoni, laini, ya upole, ikipiga sauti chache kuliko kawaida lakini zote mahali pake. Zege alikuwa anautunza mkono kwa ajili ya Jumatatu. Msumari alilisikia hilo.

Ndilo lililomchoma. Kwamba ukumbi huu, watu hawa wenye mashati yaliyolowa, wanapewa mabaki, na kitu kizima kimewekewa chumba chenye zulia ukutani.

Walipofika kwenye wimbo wa kufungia, aliingiza chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi ambayo maneno yanaisha na miguu inafanya kazi, na hakutoka humo. Kawaida chemko liliisha pale mwimbaji alipoinua mkono. Mke wa Zege aliinua mkono. Msumari alitazama pembeni. Akaongeza kasi. Watu walipiga mayowe ya furaha. Mwimbaji akainua mkono tena, akamsogelea, akamwambia sikioni, "Shemeji, mkono wake!" Akamjibu bila kumtazama, "Si yuko nyuma yangu? Amesema amechoka?"

Zege hakusema. Angeweza kuacha, hakuna aliyemfunga kamba. Lakini hakuwahi kumwacha kaka yake hewani, na kwa mtu kama yeye kuacha kulikuwa jambo gumu kuliko maumivu. Macho yake safari hii yalikuwa wazi kabisa. Midomo ilikuwa imebana. Msumari aligeuka, akarudi nyuma akipiga, mpaka akasimama mbele ya mdogo wake ana kwa ana, akautazama ule mkono wa kushoto, vifundo vyekundu vikipanda na kushuka, na huku anautazama akaongeza kasi nyingine.

"Kaka," Zege alisema.

"Twende!"

"Kaka, basi."

"Twende, mtunza mkono!"

Ukumbi ulisikia ndugu wawili wanapigiana kelele usoni, ukadhani ni utani wa jukwaani, ukazidi kuwaka. Halafu, bila bega, bila kisigino, bila kuvuta pumzi, Msumari akakata.

Tumbo akakata, kwa bahati ya ajabu. Gitaa la pili likakata. Kimya kikaanguka, na ndani ya kimya kile besi ikabaki inaunguruma, sauti moja nene, ndefu, ikining'inia peke yake juu ya vichwa vya watu. Vidole viwili vya Zege, cha pete na cha mwisho, havikuinuka kutoka kwenye uzi. Aliviamrisha, havikuinuka. Vililala pale pale vikiukandamiza, na sauti ikaendelea mpaka ilipojifia yenyewe.

Sekunde ile ukumbi haukuamini. Kisha ulilipuka. Zege! Zege amenaswa! Watu walikumbatiana, walipandana mabegani; kulikuwa na wazee waliokuwa wakiingoja siku hiyo tangu wana nywele. "Ukutani! Ukutani!"

Msumari aliona vidole. Alikuwa karibu kuliko mtu yeyote, akaona jinsi vilivyolala juu ya uzi, na akajua. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama yeye, unangoja. Akanyoosha shingo ya gitaa lake kuelekea ukutani.

Zege alimtazama kidogo, kama anayesoma kibao cha barabarani kilichofutika. Kisha akageuka, akaenda, akasimama. Mkewe aliiacha maiki ikaanguka chini kwa kishindo kilichopiga kila spika, akamfuata, akaushika ule mkono. Msumari akaanza wimbo mwingine. Tumbo akamfuata kwa sababu hakujua la kufanya. Ulisikika mwembamba, kama meza iliyotolewa miguu, lakini watu walikuwa wamelewa furaha na wakaucheza hadi mwisho.

Daktari alisema jioni ileile kwamba mishipa miwili imekatika. Upasuaji upo, ukienda vizuri, atashika kikombe, atafunga vifungo vya shati. Kuhusu besi daktari hakusema kitu, na hawakumuuliza.

Jumatatu Msumari alikwenda studio. Hakuna aliyemwita. Alijiambia anakwenda kumjulisha fundi kwamba kazi imeharibika, kistaarabu, uso kwa uso. Alipanda ngazi akamkuta Zege ameshafika. Amekaa kwenye stuli ileile, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Besi iko ukutani. Mkewe hakuwepo.

Njia nzima Msumari alikuwa ameandaa maneno. Yalikuwa maneno mazuri, na yalikuwa na neno samahani karibu na mwisho.

"Mdogo wangu," alianza.

"Kaa," Zege alisema. "Chukua besi."

"Nini?"

"Chukua besi, kaka. Wimbo ni wangu na muda wa studio ni wetu. Mimi siwezi. Piga wewe. Umekuwa mbele yangu miaka yote, nani atajua zaidi?"

Fundi wa studio aliinama akajifanya anatafuta waya.

Msumari akaichukua. Mpini wake ulikuwa umelika mahali mkono wa Zege ulipokuwa ukikaa, na mkono wake yeye haukuenea mle. Akavaa hedifoni. Ule mlio ukaanza, tik, tik, kisha dramu za Tumbo, kisha gitaa lake mwenyewe, la vipande vilivyoungwa, safi kuliko alivyolipiga. Hakuwa amewahi kujisikiliza. Alisikia gitaa linakwenda, linajirusha, linasimama kidogo kungoja. Na pale liliposimama palikuwa na shimo, kwa sababu hapo ndipo besi ilipokuwa ikiingia na kusema kitu.

Kitu gani?

Sauti za mwanzo alizijua. Akazipiga. Baada ya hapo akapapasa. Alijua kwamba ilikuwepo, alijua ilivyomshika kiunoni, alijua angeanguka bila hiyo. Lakini ilipanda au ilishuka? Ilijibu mara moja au ilirudia? Alitafuta kichwani mwake kote, Jumapili baada ya Jumapili, na kila mahali alijikuta mwenyewe, akipiga solo.

"Siyo," Zege alisema kwenye maiki ya upande wa pili.

Fundi akarudisha mwanzo. Msumari akapiga.

"Siyo."

"Hamna mahali imerekodiwa?" fundi aliuliza kwa sauti yake ya wodini. "Hata kwa simu ya mtu tu? Ningesikia kidogo, ningemsaidia mzee."

Msumari aliinamia nyuzi.

"Au muimbie," fundi alisema kumwambia Zege. "Kwa mdomo. Mm-mm-mm, hivyo tu."

Zege alifikiri. Alifumba macho nusu, kama zamani. Mkono wa kulia ulicheza hewani kidogo. Wa kushoto ulitulia ndani ya bandeji. "Kwa mdomo haipo," alisema.

Inawezekana ilikuwa kweli. Wako wapigaji ambao muziki wao unakaa vidoleni tu na hauna njia nyingine ya kutokea. Inawezekana pia alikuwa nao wote, tangu sauti ya kwanza mpaka ya mwisho, na amekaa juu yake kama mtu anayekalia ufunguo huku mwenzake anautafuta. Msumari alimkodolea macho kupitia kioo. Alimtazama bega. Alimtazama kisigino. Yeye aliyekuwa akitazamwa hivyo maisha yake yote hakuwa amejifunza kumsoma mtu, na hakuona chochote.

"Mdogo wangu, niambie angalau inaanza juu au chini."

"Piga, kaka."

Akapiga, akiwa ameanza chini.

"Siyo."

Akaanzia juu.

"Siyo."

Saa ya watu wengine ikafika. Walichungulia mlangoni na vyombo vyao, fundi akawaashiria wangoje. Vidole vya Msumari vilikuwa vimeanza kuchubuka kwa nyuzi nene za besi, lakini hakuthubutu kuvitaja vidole. Alipangusa mkono kwenye suruali, akautazama mpini, akachagua mahali pengine pa kuanzia, bila sababu yoyote.

"Ninayo," alisema. "Nadhani sasa ninayo."

Nyuma ya kioo Zege alimwinamia fundi. "Mrudishie mwanzo," alisema.